Nyumba ya Baba Haina Kushoto wala Kulia

Kariakoo, Dar es Salaam

Kwa mdogo wangu Zainabu,

Wote wanaikosea hii habari. Naanza na hilo hata kabla ya salamu, maana najua barua hii ikifika utakuwa umeshasimuliwa mambo ya nyumba ya baba na watu kumi, na kila mmoja kaivuruga kwa namna yake. Yule dereva wa lori la korosho anasema nilimkimbiza Mhindi na panga mpaka Posta. Panga! Mimi panga langu la mwisho nililiacha huko Masasi sijaota hata ndevu. Mke wa Mzee Chilumba anasema nimeuza nyumba, nimeoa mwanamke wa Ilala, natembea na miwani ya jua. Ningekuwa nayo hiyo miwani si ningekutumia picha? Na hapo msikitini kwenu nasikia wanasema ndugu yetu Hamisi kauza nyumba na mimi nikiwa ndani, kama kabati. Waongo wote, na ubaya wao uongo wenyewe hauna hata utamu. Nisikilize mimi niliyekuwepo. Tena nilikuwepo mbele, sio wale wa kuchungulia begani kwa wenzao.

Sasa salamu. Hujambo mama? Kile kifua kimekuachia, au bado unakohoa mpaka kuku wanatawanyika? Mguu wa shemeji je? Na mikorosho, imetoa maua mwaka huu au imewanunia? Mimi mzima. Meno yamebaki ya kutosha kutafuna kunde zangu mwenyewe. Mwili hauna neno ila roho haitulii, Zainabu. Nakaa, nasimama. Natoka mlangoni, narudi uani, natoka tena. Meza yangu ya kunde pale sokoni naiacha saa za wateja nakuja kuangalia kama nyumba ipo. Wenzangu wananicheka, "Mzee Issa, nyumba ina miguu?" Nawaambia siku hizi zinayo.

Maneno uliyomtuma Rashidi, mpwa wetu wa upande wa shemeji, yamenifika. "Mwambie kaka Issa haki yangu asiile." Mtoto kayasema huku anaangalia chini, na mimi nilikuwa nakula, nikaacha sahani nikatafuta kalamu. Ndio maana sikumtafuta mtu wa kuniandikia. Naandika mwenyewe kwa mkono wangu wa ngumbaro, kile kisomo cha watu wazima, herufi kubwa kama mihogo, ili ujue hakuna mtu katia neno lake humu.

Kwanza ujue Kariakoo uliyoiacha wewe haipo. Tangu ruksa ya biashara iingie, mji umepata wazimu. Pale barazani tulipokuwa tunacheza bao, sasa hivi kuna redio za Dubai, viatu vya mitumba, ndoo za plastiki, na vijana wetu wa kusini wametundika mashati mpaka shingoni, wao ndio duka na wao ndio mlango. Kila mwenye nyumba anabomoa ukuta wa chumba cha mbele, anatia mlango wa chuma wa kuelekea barabarani, anapangisha duka. Hicho ndicho wanachokiita fremu. Mwenye fremu mbili anatembea kama kazaa mapacha. Na jirani yetu wa kulia keshauza, pamepandishwa ghorofa. Jua la asubuhi sisi siku hizi tunalisikia tu kwenye redio.

Sasa nyumba yetu. Unaikumbuka, vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, ukumbi katikati, uani nyuma. Unakumbuka pia tulivyogawana baada ya arobaini ya baba. Tulifanya kama tunavyogawana shamba huko nyumbani, kutoka mkorosho huu mpaka ule wako, kutoka ule mpaka bondeni wangu. Tukasema ukumbi ndio mpaka. Vyumba vya kulia vyetu mimi na wewe, watoto wa mama mkubwa. Vya kushoto vya Hamisi, mtoto wa mama mdogo. Hatukuandika, hatukuita mtu, tulisema kwa mdomo na tukala pilau. Mimi nikapaka upande wetu rangi ya bluu, yeye akapaka wake chokaa. Mtu akiingia anadhani kaingia nyumba mbili zilizogongana. Na pale katikati ya ukumbi bati linapovuja hakuna wa kuziba, kila mmoja anasema tundu liko kwa mwenzake.

Miaka yote tukaishi hivyo, na mimi nikajiona mjanja. Kumbe ujinga mtupu, na nitakuambia nilivyoujua.

Siku hiyo nimekaa mlangoni nachambua kunde. Hamisi huyo anakuja kutoka Buguruni anakokaa siku hizi, mikono bado ina grisi ya gereji. Nyuma yake Jitesh. Wewe utamkumbuka baba yake, yule muuza kanga wa mtaa wa pili. Jitesh mnayemwita Mhindi huko kazaliwa hapa hapa, Kiswahili chake cha mtaani kinanishinda mimi. Na nyuma ya Jitesh fundi, kashika nyundo kubwa na mtaimbo.

"Shikamoo Mzee Issa," anasema Jitesh.

"Marahaba. Umekuja kununua kunde?"

"Nimekuja kwenye vyumba vyangu, mzee. Hamisi kaniuzia."

"Vyumba gani?"

"Hivi vya kushoto. Cha mbele natoa ukuta, naweka fremu."

Nikamtazama Hamisi. Hamisi akatazama juu, kama anahesabu ndege. Sikupandisha sauti, we unanijua, mimi nikikasirika ndio nakuwa mpole kama daktari. Nikamuuliza Jitesh, "Hivyo vyumba utaingilia wapi?"

"Si hapa ukumbini."

"Ukumbi wa nani?"

Hamisi akadakia, "Nusu wetu."

"Haya," nikamwambia Jitesh, "pita. Lakini mguu wa kushoto tu. Wa kulia uache barabarani, ukitoka utaukuta."

Mtaa mzima ulicheka, Zainabu. Jitesh mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta, tena ukuta wa kwangu, nikamwambia atoe mkono. Aliyekuwa hacheki ni Mama Upendo, yule mama ntilie anayepanga chumba cha nyuma upande wa Hamisi. Alitoka uani na mwiko mkononi, akauliza, "Na mimi nimeuzwa? Maana hapa nina wali jikoni, niambieni kama niupakue au nihame nao."

Fundi naye alikuwa kashapanda darini kutazama. Akashuka na utando wa buibui kichwani. "Bosi," anamwambia Jitesh, "ule mti wa mtambaapanya uliobeba paa ni mmoja, umetoka ukuta wa kushoto mpaka wa kulia. Nikitoa ukuta huku, mzee atajikuta amejifunika bati badala ya shuka."

Nikamwambia, kijana, unanifundisha mimi? Huo mti nani aliuleta? Niliubeba mimi, bega hili hili, kutoka Magogoni mpaka hapa, baada ya wanaume sita kuushindwa. Baba alikuwa anatembea mbele ananipigia makofi. We ulikuwa bado hujazaliwa, kwa hiyo usibishe.

Basi nyundo haikupigwa siku ile. Na sikiliza hili, maana ndipo wote wanapokosea. Jitesh na Hamisi walikuwa hawajapeana kitu isipokuwa mkono na chai ya maziwa. Hakuna mtu aliyekula haki ya mtu. Jitesh akasema, "Mzee, mimi sitaki ugomvi na watu niliokua nao. Twendeni kwa wanaojua sheria." Tukaenda mahakama ya mwanzo, sisi watatu, na Mama Upendo akafunga kibanda chake cha wali akaja naye, kasema anataka kusikia bei yake.

Hakimu mwenyewe binti, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, lakini ana macho ya mtu anayepima sukari. Akauliza, "Mwenye nyumba ni nani?"

Tukasimama wawili, mimi na Hamisi.

"Hati ina jina la nani?"

"La marehemu baba," nikasema. "Na kodi ya kiwanja analipa kila mwaka, kwa mkono wangu."

"Msimamizi wa mirathi ni nani?"

Hamisi ananitazama, mimi namtazama. Nikaona aibu isitukute, nikasema, "Mimi hapa. Mimi ndiye mkubwa."

"Mzee, ukubwa sio usimamizi. Nani alikuteua?"

"Mama yangu. Kwa kunizaa wa kwanza."

Watu wakacheka, na karani akainamia meza. Hakimu hakucheka. Akasema, "Haya, umechekesha. Sasa kaa usikilize, maana nyumba yenu iko taabuni na nyinyi mnafanya maskhara."

Nikakaa. Na alivyosema nakuandikia kama nilivyoyashika, na masikio yangu unayajua, hayadondoshi kitu. Alisema ardhi nchi hii ni ya umma, iko chini ya serikali. Baba hakununua udongo. Baba alipewa haki ya kukaa pale na kujenga, kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati, na kwa masharti. Haki hiyo ndiyo mali, pamoja na kuta alizosimamisha juu yake. Alipokufa, mali ile haikuwa ya Hamisi wala yangu. Ikabaki inangoja msimamizi ateuliwe, akusanye, alipe madeni ya marehemu, ndipo agawe kwa warithi. Sisi tulivyogawana kwa mdomo na pilau, mbele ya sheria tulikula pilau tu.

"Lakini mimi nina fungu langu," Hamisi akasema. "Nimrithi baba yangu nisiuze?"

"Fungu unalo," hakimu akamjibu. "Ila halina mlango wala dirisha. Liko ndani ya kila tofali, na fungu la kaka yako liko ndani ya tofali hilo hilo. Ulipouza vyumba vitatu umeuza kitu ambacho hujawahi kuwa nacho peke yako."

Akanigeukia na mimi, eti kama nami nina kosa. "Na wewe mzee, kuna tofali hata moja pale unaloweza kusema ni langu tu?"

"Lipo moja lililonivunja kidole."

"Hilo nalo la wote," akasema, na safari hii niliona mdomo wake umetetemeka kidogo. Nilimshinda pale, ila hakutaka kuonyesha.

Ndipo akauliza warithi ni wangapi. Nikasimama tena. Nikasema watatu, na wa tatu yuko Masasi, anaitwa Zainabu, na katika sisi yeye ndiye mwenye akili maana aliondoka mapema. Hakimu akaandika jina lako. Akasema, "Mafungu ya dini yenu mnayajua, mwanamke ana lake na mwanamume ana lake. Lakini kwenye kusema ndiyo au hapana hakuna nusu. Huyo dada asiposema, hakiuzwi hata kitasa. Nendeni mkafanye kikao cha familia, mchague msimamizi, mje wote watatu hapa."

Umesikia? Watatu. Sio mimi niliyekula haki yako. Haki yako ipo, tena imesimama mlangoni na rungu.

Tukatoka nje. Mama Upendo akamuuliza karani kama wapangaji wana fungu kwenye tofali, karani akamwambia wana mkataba wao na taarifa yao ya kuhama, wasitolewe kama mbwa. Akarudi zake kwenye wali amenyanyua shingo.

Jitesh akatuita kivulini. Akatununulia soda. Akasema, "Mzee Issa, Hamisi, mimi vyumba sivitaki tena. Nataka tuongee nyumba nzima. Nyinyi mtoe kiwanja, mimi nitoe saruji, nondo na fundi. Tunapandisha ghorofa nne. Chini fremu, juu watu wanakaa. Sakafu moja nzima yenu, pamoja na fremu mbili za chini, imeandikwa kwa majina yenu watatu. Mimi napata zinazobaki. Tunaandika kwa wakili, hatuendi kwa mdomo."

Nikaona macho ya Hamisi. Zainabu, yule mtoto amezeeka. Akaniambia, "Kaka, mimi kila siku nalala mgongo chini ya magari ya watu. Bati linavuja, choo kimejaa, ukuta wa kwako ndio huo unameguka kama mkate. We unalinda nini?"

Hapo ndipo niliposimama. Nilisema, "Sitaki!" kwa sauti iliyofanya muuza maji mmoja wa ng'ambo ya barabara aangushe kikombe. Nikasema nyumba ya baba haibomolewi mimi nikiwa na pumzi, anayetaka ghorofa akajenge kichwani kwake. Jitesh akarudi hatua nyuma. Hamisi akaweka soda yake chini, hajaimaliza, akaondoka bila kuaga. Mpaka leo hajaja Kariakoo, na mimi Buguruni sijaenda.

Hapo ndipo ilipoishia. Hakuna panga, hakuna mke wa Ilala.

Lakini tangu siku ile situlii, mdogo wangu. Juzi nikasema ngoja nikaione hiyo ghorofa ya jirani ilivyo huko juu. Nikapanda ngazi mpaka sakafu ya nne, na magoti yangu yakanilaani kila ngazi. Maji yanatoka bombani huko juu, Zainabu, mwanamke niliyemkuta huko anafungua tu kwa vidole viwili. Lakini hakuna uani. Nikamuuliza, "Mama, kunde unaanika wapi?" Akasema ananunua zilizokauka. Nikamuuliza mtu akifa jeneza linashukaje kwenye kona zile, na watu wa msiba wanakaa wapi, akaniambia niende zangu nisimletee mkosi.

Kabla sijashuka nikachungulia dirishani. Nikaiona nyumba yetu kutoka juu. Sijawahi kuiona hivyo maisha yangu yote. Ndogo! Paa limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Nikatafuta upande wangu na upande wa Hamisi, sikuuona mpaka. Bluu yangu haionekani, chokaa yake haionekani. Bati lote kutu moja.

Nikashuka nikapita dukani kwa Jitesh, sio kwa hilo, nilikuwa napita tu. Nikamuuliza, "Hebu niambie, kwenye hilo ghorofa lako, ngazi itakuwa ya nani?" Akasema, "Ya wote, mzee. Na paa la wote. Kila mtu anachangia kulitunza." Nikamwambia basi huo ni ule ule ukumbi wetu, umeusimamisha wima tu. Akacheka, akasema hilo atalitumia kwa wateja. Nikamwambia alipie.

Sasa ninachotaka ni hiki. Njoo. Mtakapomaliza kuokota korosho, mvua haijakata njia, panda basi uje. Pale Ndundu kwenye pantoni ya kuvukia mto ushuke kwenye gari upande kwa miguu, usikae ndani kama mzigo. Tukae kikao, mimi, wewe na Hamisi, tumteue msimamizi. Ukimteua Hamisi sinuni. Nitanuna kidogo. Na kabla hujafika, mtu yeyote akikuletea karatasi, usiiwekee dole gumba, hata akisema imetoka kwangu. Hasa akisema imetoka kwangu.

Chumba cha mbele upande wa kulia nimekifagia, ndicho utakacholala. Sisemi ni chako, nisije nikaitwa mahakamani.

Nisalimie shemeji Mzee Liyumba mumeo, mwambie mguu asiukande na mafuta ya taa. Nisalimie shangazi Somoe, aliyetulea kwa kutuvuta masikio, la kwangu moja bado refu. Salamu kwa mjomba Nandonde anayehesabu mikorosho ya watu, na kwa mtani wangu muuza ndoo, mwambie nikifa asilie, alete ndoo. Rashidi mpwa wetu mwambie kafanya vizuri kusema maneno yako bila kuyapunguza.

Ni mimi niliyekutangulia kuzaliwa, na mahakama haitaki kujua,

Kaka yako Issa

Nimeifungua tena bahasha, na gundi ilikuwa haijakauka. Kuna kipande kimoja nilikutungia. Ile "sitaki" sikuisema. Muuza maji hakuangusha kitu. Hamisi alipouliza nalinda nini, nilikunywa soda yangu mpaka ikaisha, halafu nikasema "tutaona," na ndio maana akaondoka bila kuaga. Sijasema ndiyo, sijasema hapana. Nikisema ndiyo moyoni, natoka mlangoni nalishika lile tofali lililonivunja kidole. Nikisema hapana, naangalia juu naona bati linavuja. Usidhani unakuja kunisaidia kukataa, Zainabu. Hakimu anangoja sauti tatu, na ya kwangu bado sijaipata.